Kutoka Chala hadi Maji ya Chai

Barabara kuu ya kutoka Holili, mpakani mwa Tanzania na Kenya, hadi Arusha inakatiza mito mingi inayoteremka kutoka Kilimanjaro na Meru: Himo, Karanga, Weruweru, Kikafu, Usa. Abiria huchungulia dirishani basi linapopita darajani, wakasema mvua zimenyesha au hazijanyesha, kisha wakaendelea na mazungumzo yao. Maji hayo yanayoonekana ni sehemu tu. Mengine, na ni mengi mno, huzama kwenye majivu na mawe ya volkeno huko juu msituni, yakasafiri gizani na kuibuka mbali. Safari yangu ilikuwa ya kuyafuata hayo. Nilianzia Ziwa Chala nikaishia kijiji cha Maji ya Chai, na nilichotaka kukielewa ni kimoja: inakuwaje maziwa yaliyozaliwa na moto wa volkeno, chini ya jua lilelile, moja linanyweka na jingine linachoma ulimi?

Kwenda Chala nilichukua bodaboda Holili. Njia inapita kwenye nyika kavu ya migunga na mawe meusi, na hakuna dalili yoyote ya ziwa. Dereva alizima pikipiki mahali palipoonekana kilima cha kawaida tu. Tukapanda kidogo, ardhi ikaisha. Chini yetu, ndani ya shimo lenye kuta za mita mia hivi, palikuwa na maji ya buluu yaliyojaza kreta nzima, eneo la kilomita za mraba 4.2 hivi. Mpaka wa nchi mbili unapita katikati ya maji hayo. Ukitazama ng'ambo unaiona Kenya. Hakuna mto unaoingia. Hakuna mto unaotoka. Mto Lumi unapita si mbali, lakini hauna habari na ziwa hili.

Njia ya kushuka ni ya mawe na mizizi, na inahitaji mikono yote miwili. Chini kabisa nilimkuta mzee mmoja ameketi juu ya jiwe anashona wavu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umetokea wapi?”

“Tanga.”

“Tanga! Basi kwenu maji ni mengi ila ya chumvi. Njoo uonje ya kwetu.”

Akachota kwa kiganja, akanywa, akanisogezea nafasi nami nichote. Maji yalikuwa matamu, hayana ukakasi wala harufu. Nilimuuliza yanatoka wapi. Akainua kidole bila kugeuka, kuelekea Kilimanjaro, ambayo kutoka mle shimoni haionekani. “Yanaingia kwa chini. Na kwa chini ndiko yanakotokea, yanakwenda Taveta, kwenye chemchemi za Njoro. Wazee walituambia hivyo.”

Sehemu ya kwanza ya maneno yake imethibitishwa kwa vipimo. Eneo hili hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, ilhali jua na upepo hufyonza maji zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Ziwa lina kina cha mita 90 na ushei. Lingetegemea mvua inayoliangukia peke yake, lingekuwa limeshakauka zamani sana. Linaishi kwa sababu takribani asilimia 80 ya maji yanayoliingia hupitia ardhini, na maji hayo asili yake ni mvua inayonyesha kwenye msitu wa mlimani, mbali na juu kabisa ya nyika hii. Huchukua miezi kadhaa kufika.

Watu wengi niliozungumza nao njiani waliamini kwamba ni theluji ya Kibo inayoyeyuka. Imani hiyo inaeleweka, maana theluji inaonekana na msitu umefunikwa na mawingu. Lakini wataalamu waliolinganisha aina za oksijeni na hidrojeni katika chemchemi za Kilimanjaro wamekuta sahihi ya mvua ya msituni, na mchango wa barafu ni mdogo mno. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kila mwaka tunasoma maombolezo ya theluji inayopungua, na ni haki kuyaandika, lakini moto ukiteketeza msitu wa mlimani habari yake hupita kwa siku mbili. Anayekunywa maji ya Chala anakunywa msitu.

Sasa, mvua ikipenya udongo wa msitu hubeba hewa ya ukaa inayotolewa na mizizi na majani yanayooza. Hapo maji hugeuka kuwa tindikali dhaifu. Tindikali hiyo, ikipita taratibu katika vinyweleo vya basalti na majivu, hulilamba jiwe na kuondoka na vipande vyake: sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, potasiamu, silika. Hewa ya ukaa yenyewe hubaki ndani ya maji kwa umbo la bikaboneti. Kwa hiyo maji yanayofika kwenye kreta si maji ya mvua tena. Yamekaa na mawe, na yanajulikana yamekaa na mawe gani na kwa muda gani.

Pale mzee alipoketi niliona jinsi hesabu hiyo inavyoandikwa. Mawe meusi ya ukingoni yalikuwa na mkanda mweupe pale maji yanapoyagusa. Niliukwaruza kwa ukucha ukatoka unga. Ni chokaa. Maji ya ardhini yanapofika ziwani na kupata joto na mwanga, hewa ya ukaa hutoroka, na kalsiamu hushikana na kaboneti ikawa ngumu. Mzee aliniambia kuna miezi ziwa zima hubadilika rangi, buluu ikawa kijani cha kung'aa. Chembe za chokaa zilizotapakaa majini zina mkono katika hilo. Chembe hizo huzama mpaka chini kabisa, mahali ambapo oksijeni haifiki na hakuna kiumbe wa kuvuruga tope, zikalala tabaka juu ya tabaka la mwani mdogo wa msimu wa upepo, msimu baada ya msimu. Mwaka 2016 wanasayansi wa nchi mbalimbali walitoboa sakafu ya ziwa hili wakatoa nguzo za tope zenye kumbukumbu ya hali ya hewa ya miaka ipatayo 250,000. Sijui kama kuna daftari jingine la mvua la Afrika Mashariki lililotunzwa kwa uangalifu kama hili, na limeandikwa kwa chumvi za maji ya ardhini.

Lakini swali langu lilikuwa bado. Kama kila siku maji yanaingia na chumvi zake kidogo, na jua huondoa maji na kuziacha chumvi, Chala ilipaswa kuwa chungu. Sufuria ya maji ikisahaulika jikoni hubaki na ukoko mweupe. Na hili limekaa jikoni kwa maelfu ya miaka. Jibu liko katika sehemu ya pili ya maneno ya mzee: maji yanatoka pia. Ziwa linavuja. Kreta imekaa kwenye mteremko wa mlima, upande mmoja hupokea na upande mwingine huachia, na maji yanayoondoka huondoka na chumvi zake. Jua peke yake ndilo lisilobeba chumvi.

Kuhusu Njoro, mambo ni magumu zaidi, na wazee wanastahili kujibiwa kwa heshima. Mtafiti Payne alichapisha mwaka 1970 kazi iliyotumia tritiamu na aina nzito za oksijeni na hidrojeni kuulizia jambo hilohilo. Hoja yake inafuatika: maji yaliyokaa juani hupoteza kwanza molekuli nyepesi, kwa hiyo maji ya ziwa ni mazito kuliko yaliyotoka mlimani moja kwa moja. Ukipima chemchemi za jirani na Taveta ukayakuta mazito, yametoka ziwani. Yalikutwa mepesi. Maji ya ziwa ni sehemu ndogo tu ndani yake. Mengi mno ni ya mlima, yamepita pembeni ya kreta bila kuingia. Nilipomweleza mzee alinyamaza kidogo, akavuta uzi, akasema, “Basi ziwa na chemchemi ni ndugu wa baba mmoja, si mama na mtoto.” Sikupata namna bora ya kulisema.

Mmisionari Charles New, aliyefika hapa mwaka 1871, alisimuliwa habari za kijiji kilichozama na watu wake na ng'ombe wake wote. Masimulizi hayo yangali hai pande zote za mpaka. Mzee alinionyesha kwa kidevu mahali penyewe, akarudi kwenye wavu wake. Alikuwa na perege wachache kwenye ndoo. Jamii moja ya perege, anayeitwa kitaalamu Oreochromis hunteri, asili yake ni ziwa hili peke yake duniani.

Ndani ya basi la kwenda Arusha nilikaa jirani na kijana wa Kenya anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, na mazungumzo yakahamia huko bila kulazimishwa. Naivasha si ziwa la kreta, lakini halina mto unaotoka na maji yake ni baridi, yana samaki, yanamwagilia waridi. Kilomita chache tu kutoka ufukweni, ndani ya kreta ndogo, kuna Ziwa Sonachi: kijani kizito, magadi, halina samaki. Sonachi haina mto unaoingia wala unaotoka. Kina chake hupanda na kushuka kwa kufuata Naivasha, kwa sababu inalishwa na maji yanayochuja ardhini kutoka kwa jirani yake mkubwa. Maji ni yaleyale, basi. Naivasha hutoa kwa chini, Sonachi hupokea kwa chini, na yaliyopokelewa hayana pa kwenda isipokuwa juu, kwa jua. Kijana alisema aliwahi kupanda ukingo wa kreta ile na kuyaona maji yote mawili kwa jicho moja, akashangaa lakini hakupata wa kumuuliza.

Mfano mkali zaidi uko Uganda magharibi, kwenye kreta ya Katwe. Uso wa Ziwa Katwe uko chini ya uso wa Ziwa Edward lililo jirani, tofauti ya zaidi ya mita 20, na kati yao kuna kipande chembamba tu cha nchi. Edward lina samaki. Katwe linalishwa na chemchemi za chumvi, na watu husimama ndani yake mpaka magotini wakivunja chumvi na kuipakia, nyingine ikavuka kwenda Kongo. Anayetaka kujua kama ziwa la kreta litakuwa tamu au chungu aulize kwanza limekaa juu au chini kuliko majirani zake.

Duluti nilipita kwa muda mfupi. Ni ziwa dogo la kreta, hatua chache kutoka Tengeru, limezungukwa na msitu wa hifadhi na mashamba ya kahawa, na kivuli chake ni cha kupumzisha roho baada ya vumbi la barabarani. Nalo halina mto. Vijana wa mitumbwi husimulia kwamba halina mwisho kwa chini. Kwa kweli kina chake ni cha mita chache tu. Limekaa kwenye mteremko wa Meru kama Chala ilivyokaa kwenye Kilimanjaro, linapokea na kuachia, na mafunjo na samaki wake wanatosha kuwa ushahidi kwamba halijageuka magadi.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha ndiyo iliyonikalisha. Kreta ya Ngurdoto hutazamwa kutoka ukingoni tu, wageni hawaruhusiwi kushuka. Chini kuna kinamasi na nyati wametapakaa. Kutoka hapo tuliendelea hadi Momela. Maziwa ya Momela hayakuchimbwa na mlipuko kila moja kwa wake. Ubavu wa mashariki wa Mlima Meru uliporomoka kale, na maporomoko yale yakaacha vilima na mashimo yaliyojaa maji. Asili hiyo ni tofauti na ya Chala, ila mlo ni wa aina ileile: maji ya ardhini kutoka kwenye mlima wa volkeno. Na hapa unaona wazi kuwa kila ziwa lina njia yake ya chini. Momela Kubwa, Momela Ndogo, Tulusia, Rishateni, Lekandiro yamekaribiana kiasi cha kuzungukwa kwa gari asubuhi moja, na rangi zake hazifanani: hili buluu, lile kijani, jingine limepauka. Longil, lililo upande mwingine, si magadi kama haya.

Kwenye gati ya mitumbwi ya Momela Ndogo niliinama nikatia mkono. Maji yaliteleza vidoleni kama tayari yana sabuni. Nilipoyakausha kwa upepo ngozi ilibana na kuacha vumbi jeupe kwenye mistari ya kiganja. Nilionja tone moja kwa ncha ya ulimi, nikatema.

Askari wa hifadhi aliyekuwa nami alicheka kidogo, kwa upole. “Wanyama nao wanajua, kaka. Hapa kiboko anakaa, lakini mnyama mwenye kiu anatafuta maji mengine.”

Kemia ya hapa inaanzia pale Chala ilipoishia. Mawe ya Meru yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Maji yakikaa juani bila pa kutokea, chokaa hutangulia kujitenga na kuzama, na hiyo kalsiamu kidogo huisha. Bikaboneti iliyobaki haina mwenzake isipokuwa sodiamu. Hayo ndiyo magadi. Maji yanapozidi kujaa magadi hupendwa na mwani mdogo wa kijani, na heroe huja kuula. Niliwaona Rishateni, mstari wa waridi ukingoni, vichwa chini. Mpaka hapo ni uzuri mtupu.

Lakini mawe yaleyale yana floraidi. Maji yenye kalsiamu ya kutosha huidhibiti floraidi, kwa sababu viwili hivyo hushikana vikawa madini yasiyoyeyuka. Kalsiamu ikiisha, floraidi hubaki huru. Katika baadhi ya maziwa ya Momela hufika mamia ya miligramu kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5, Tanzania, kwa kulazimishwa na hali ya maji yake, kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4. Hakuna anayekunywa maji ya Momela. Tatizo ni kwamba mkondo unaoyalisha maziwa haya na mikondo inayolisha visima na mito ya pande hizi imepita kwenye mlima mmoja.

Ndiyo maana nilishukia Maji ya Chai. Hapa alama za floraidi zipo midomoni mwa watu. Nilikaa kibarazani kwa mama mmoja muuza mboga, mwanawe wa kwanza akatuletea chai. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mtanashati, meno yake yana mabaka ya kahawia tangu yalipoota. Alipotabasamu aliinua mkono mdomoni, ishara ya haraka ya mtu aliyeizoea tangu shule.

“Mimi nimezaliwa Singida, nikaolewa hapa,” mama akasema. “Angalia meno yangu. Nimekunywa maji hayahaya miaka yote hii.”

Meno yake yalikuwa meupe, kwa sababu alikuja yakiwa yameshaota. Floraidi huharibu jino likiwa linaundwa, katika miaka minane hivi ya mwanzo ya mtoto. Lakini mfupa hausamehewi ukubwani. Wapo wazee wa maeneo haya ambao migongo imekakamaa, na wapo watoto ambao miguu imepinda.

Nilimuuliza kama huchemsha maji. Alisema kila siku. Kuchemsha kunaua vijidudu na kusiachwe, ila floraidi haiondoki kwa moto. Maji yanapopungua sufuriani, floraidi huzidi kukolea. Kisha nikaona kwenye kibaraza chake cha mboga, kati ya vitunguu na nyanya, vifungu vidogo vya magadi vya kulainishia makande. Magadi hayo huchimbwa kando ya maziwa ya aina ileile niliyotoka kuyaona, na watafiti wa hapa nchini wameshaonyesha kwamba yanaweza kubeba floraidi nyingi, kiasi kwamba hata familia yenye maji safi huipata kupitia chungu. Nilisita kumwambia, maana ni biashara yake. Nikamwambia. Alikichukua kifungu kimoja akakigeuzageuza, akauliza, “Na mtu akiloweka maharage usiku kucha badala yake?” Nikamjibu yataiva, ila yatadai kuni zaidi kidogo. “Kuni ninazo,” akasema.

Huko Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji. Njia yao kuu ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa huchomwa kwenye tanuri kwa hewa kidogo, husagwa, hupangwa ndani ya ndoo au tangi, na maji yakipita floraidi hunaswa na mfupa, kama inavyonaswa na mfupa wa binadamu. Njia hiyo inafanya kazi. Inadai mkaa ubadilishwe kwa wakati, na mtu wa kukumbuka kuubadilisha.

Kinachonitia wasiwasi ni visima. Mitambo ya kuchimba inazunguka wilaya hii yote sasa, na kila kiwanja kipya kinataka kisima chake. Maji yanapotoka masafi na baridi watu hushangilia, na ni kweli hayana rangi. Lakini floraidi haina rangi wala ladha kwa viwango hivi, na maji ya chini zaidi mara nyingi ndiyo yaliyokaa na mawe muda mrefu zaidi. Visima viwili vya jirani vinaweza kutofautiana, kama Momela na Longil zinavyotofautiana, kwa kuwa kila kimoja kimegusa mkondo wake. Hakuna njia ya kujua isipokuwa kupima, na kupima kunapaswa kutangulia bomba, tangi na sherehe ya kukata utepe.

Mjukuu wa mama yule ana miaka mitatu. Kwa ajili yake peke yake kuna pipa la bluu chini ya mchirizi wa bati, limefunikwa kwa kanga kuukuu iliyofungwa kwa mpira, la maji ya mvua ambayo hayajagusa jiwe lolote. Mvua za vuli zikichelewa hununua ya dumu kutoka kwa jirani aliyechimba kisima mwaka jana. Nilimuuliza kama kisima hicho kilipimwa. Aliita ng'ambo ya uzio, jirani akajibu kuwa waliochimba walisema maji ni mazuri. Mama akaingia ndani, akatoka na chupa tupu, akaisuuza mara tatu, akamtuma kijana wake ailete imejaa. Kesho yake ilikuwa siku ya kazi, na kituo cha Ngurdoto hakiko mbali.